Anwani ya MAC: namba ambayo simu yako huificha

Fomu yenyewe ilikuwa fupi: jina, idara, na nafasi iliyoandikwa "MAC". Nilitaka tu kuunganishwa na Wi-Fi ya ofisi. Nikabonyeza *#06#, nikanakili tarakimu 15 zilizotokea, nikajiona mjanja. Kijana wa kompyuta akaitazama fomu, akatabasamu. "Mzee wangu, hii ni IMEI."

Sikuwa peke yangu. Watanzania wengi tuliijua IMEI mwezi Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, na tangu hapo kila namba ya utambulisho wa simu tunaidhani ndiyo hiyo. IMEI huitambulisha simu kwa kampuni za simu. MAC ni ya kifaa cha ndani kinachoshughulika na mtandao: Wi-Fi ina yake, Bluetooth ina yake, na tundu la waya kwenye kompyuta lina yake. Kwa hiyo kompyuta moja inaweza kuwa na anwani tatu, na zote zikawa halali.

Kazi yake ni ya karibu mno. Nyumba ikiwa na simu tano na televisheni, ruta lazima ijue video ni ya nani na ujumbe ni wa nani. Hutumia MAC kugawa. Nje ya ruta anwani hiyo haiendi. Tovuti unayoisoma kwa kawaida haiioni.

Huandikwa kwa jozi sita za tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, kwa mfano 3C:5A:B4:01:2F:9E. Jozi tatu za kwanza ni za mtengenezaji, ambaye hugawiwa fungu lake na taasisi ya wahandisi ya IEEE. Tatu zilizobaki hupanga mwenyewe. Mpango huu ulitangazwa mwaka 1980 na kampuni za Xerox, Intel na Digital, na una nafasi ya anwani zaidi ya trilioni 281.

Kuitafuta si kazi. Kwenye Windows andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika ipconfig /all. Tafuta "Physical Address", lakini angalia iko chini ya kichwa kipi, maana orodha huwa ndefu na baadhi ya kadi za mtandao zinazotajwa humo ni za kubuni tu. Unayoitaka kwa Wi-Fi iko chini ya "Wireless LAN adapter Wi-Fi". Kwenye Linux amri ni ip link, na anwani hufuata neno "link/ether". Mwenye kompyuta ya Mac abonyeze kitufe cha Option huku akigusa alama ya Wi-Fi juu ya skrini.

Kwenye simu ndiko nilikokosea mara ya pili. Jioni ile, nikiwa nyumbani, nilifungua mipangilio ya Wi-Fi, nikagusa jina la mtandao wetu, nikanakili anwani niliyoiona. Kesho yake ofisi ikanikataa tena. Simu yangu ilikuwa imebuni anwani moja kwa ajili ya nyumbani na nyingine kwa ajili ya ofisini. Ile ya kiwandani haikumwonyesha yeyote.

Ina sababu. Simu yenye Wi-Fi iliyowashwa hutafuta mitandao muda wote, na zamani ilikuwa ikiitangaza anwani yake halisi kwa kila aliye karibu. Mwaka 2013 mapipa ya taka ya barabarani katika City of London yaligundulika yakinasa anwani za simu za wapita njia, hadi mamlaka ya eneo hilo ikaamuru kazi hiyo ikome. Mwaka 2014 iPhone zikaanza kutumia anwani za kubuni wakati wa kutafuta mitandao. Android 10 ya mwaka 2019 ikaleta utaratibu wa kuzitumia hata baada ya kuunganishwa, na iPhone zikafuata mwaka 2020.

Utaijuaje ya kubuni? Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo haikutoka kiwandani.

Wapo wanaoamini kwamba wakiorodhesha MAC kwenye ruta wamemfungia nje jirani mdokozi. Wasijidanganye. Anwani hii hunaswa hewani na kuigwa kwa dakika chache. Nywila nzuri ndiyo kufuli.

Ukiambiwa usajili simu kazini au chuoni, jaribu kwanza kuunganisha na mtandao wa hapohapo, fungua mipangilio ya mtandao huo, uchague anwani halisi ya simu, kisha uinakili. Fanya hivyo kwa mtandao huo mmoja tu. Kwa mitandao ya stendi, ya hotelini na ya mgahawani, iache simu iendelee kuificha anwani hiyo.