Anza na Chesisi, Rangi Itasubiri

Kati ya Lupaso na Newala si ajabu kuikuta Land Rover 109 ya zamani imelala chini ya mkorosho, tairi zimekwisha upepo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe ukimuuliza habari zake, atapiga ubavu wa bodi kwa kiganja na kukuambia, "Hii haijui kutu, mwanangu. Ikipata betri tu inaondoka." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Bodi haina kutu kwa sababu si ya chuma. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndipo watengenezaji wakaamua bodi iwe ya alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Lakini chesisi iliyobeba bodi hiyo, pamoja na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni chuma cha kawaida. Huko ndiko gari linakofia, tena kwa ndani, jicho lisikofika.

Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wanaoamua kufufua gari la babu nyumbani huanza na vinavyoonekana. Pesa ya korosho ikiingia, fundi bodi anaitwa, pati inapigwa, kijani kinapakwa, picha zinasambaa WhatsApp. Masika yanayofuata springi ya nyuma inang'oka na kipande cha chesisi.

Chesisi ya 109 ni bati la unene wa kama milimita 2, lililoungwa kuwa boksi refu lenye uwazi ndani, na matundu machache ya kutolea maji. Tope likiziba matundu hayo, unyevu hukaa humo kwa miezi. Ukanda wetu una jambo la ziada, nalo ni salfa. Magari mengi ya huku yamebeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na unga ule hupenya kila mahali. Salfa kavu haina ugomvi na chuma. Ikilowa ikiwa imegandamana nacho, hukila haraka kuliko maji matupu. Kwa hiyo gari lililotumikia shamba la mikorosho likague kwa wasiwasi uleule ambao ungekuwa nao kwa gari lililobeba chumvi Lindi au Mtwara, hata kama halijawahi kuona bahari.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Egemeza gari kwenye magogo imara (jeki peke yake haitoshi, na hapa sitanii), lala chini, ugonge kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kwenda mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na pengine utasikia maganda ya kutu yakiporomoka ndani ya boksi. Usiharakishe kwenye boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na kwenye mikono ya pembeni inayobeba ule ukuta wa mbele. Panapotia shaka, sukuma bisibisi. Ikizama, pakatwe.

Pakatwe, nimesema, pasibandikwe kiraka juu. Kata mpaka ufike chuma kinachong'aa, uchomelee bati jipya la unene uleule. Mwambie fundi atumie elektrodi za milimita 2.5, achomelee vipande vifupi akihama upande hadi upande, kwani joto likikaa mahali pamoja chesisi hupinda. Betri iwe imefunguliwa, na tenki la mafuta liwe limetolewa kabisa, liwekwe mbali. Tenki tupu usiliamini: kinacholipuka ni mvuke, na tenki tupu limejaa mvuke.

Kabla grainda haijawashwa, itafute namba ya chesisi. Kwa Series III imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika springi. Ilinganishe na kadi ya gari, kisha palinde mahali hapo. Gari lililopoteza namba litakusumbua TRA kuliko gari lililopoteza injini.

Tope la ndani ya chesisi watu hupenda kulisafisha kwa maji mengi. Juu Newala, ambako maji yamekuwa adimu tangu enzi na enzi, sishauri. Liache likauke kabisa, likorogwe kwa waya mrefu, halafu litolewe kwa upepo wa kompresa ya fundi pancha.

Kisha zinakuja bolti. Spana zinazopatikana kirahisi madukani ni za milimita, na bolti za Series II na III ni za inchi. Kichwa cha robo tatu inchi ni milimita 19.05, hivyo spana ya 19 hufanya kazi. Kichwa cha nusu inchi ni 12.7: spana ya 13 inaingia ikicheza kidogo, na kwa bolti yenye kutu ya miaka 30 mchezo huo unatosha kulaza pembe zote sita. Cha 9/16 ni 14.29, spana ya 14 haiingii, ya 15 inapwaya. Seti ya spana za inchi, hata ya mtumba, itangulie kununuliwa kabla ya kipuri chochote.

Ukifungua bodi utakuta unga mweupe pale alumini inapogusana na chuma. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Wakati wa kurudisha, kata vipande vya tyubu ya zamani uviweke katikati, na bolti zipakwe grisi.

Injini haina makuu. Ile ya cc 2,286, ya petroli au dizeli, ni nzito, ya polepole na inasamehe mengi. Ikiwa imeganda, mimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha ijaribu kwa hendeli, taratibu. Wanaolivuta gari kwa trekta ili kuishtua huishia na ringi zilizovunjika. Wapo watakaokushauri uweke injini ya Toyota. Gari litakimbia, sikatai, ila breki na giaboksi havikuundwa kwa kasi hiyo, na kadi itabidi irekebishwe. Vipuri vya injini ya asili bado vipo: tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, lilionyesha ni magari mengi kiasi gani bado yanatembea.

Kikwazo cha kwetu ni kwamba jua na pesa haviji pamoja. Malipo ya korosho huja mvua zikikaribia. Fungua gari Juni, maliza kukata, kuchomelea na kupaka chesisi rangi kabla ya Oktoba, kwani kazi hizo hudai ukavu kuliko fedha. Vipuri vya bei visubiri mnada wa korosho. Kuvifunga kunawezekana chini ya banda mvua ikinyesha.

Breki ziwe za mwisho kufungwa na za kwanza kujaribiwa. Vumbi la breki shuu za zamani lina asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa. Magurudumu yote manne yana breki za ngoma, ambazo zikipata moto hupoteza nguvu. Jaribu kwanza barabara tambarare. Mteremko wa kutoka Newala uende siku nyingine, kwa gia ndogo tangu juu. Ukirudi, kaza upya yubolti za springi zote nne, maana springi zilizofunguliwa hujikalisha upya zikibeba mzigo na nati hulegea.