Dughulushi Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Baada ya Kununua

Mlaji anayetembelea vitalu vya maua vilivyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, au vile vya Mbagala, huenda akaonyeshwa mmea mfupi wenye majani mazito yenye vinyweleo na maua ya zambarau, akaambiwa kuwa umetoka Ulaya na ndiyo maana bei yake iko juu. Maelezo hayo ni ukweli nusu. Dughulushi, ambalo ulimwengu unalifahamu kwa jina la violeti ya Afrika, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, hasa Milima ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Mengi yanayouzwa leo ni machotara yaliyozalishwa ng'ambo kutokana na ua hilo hilo la kwetu.

Lawama ya kawaida ya mnunuzi ni kwamba ua limekufa baada ya wiki chache, naye muuzaji hujitetea kuwa Dar es Salaam ina joto mno. Hatuukubali utetezi huo moja kwa moja. Ni kweli kwamba joto la zaidi ya nyuzi 30 hulichosha dughulushi na kupunguza maua. Hata hivyo, Saint Paul alilikuta pia karibu na Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, mahali pasipozidi mita 50 kutoka usawa wa bahari. Palikuwa na kivuli, unyevu hewani, na mawe yasiyotuamisha maji. Hayo ndiyo mlaji anayopaswa kuyaiga.

Kabla ya kulipa, geuza majani uangalie upande wa chini: utando mweupe kama pamba ni dalili ya vidung'ata. Gusa kitovu cha mmea. Kikiwa laini na cheusi, mmea umekwisha kuoza. Uvute kidogo sana, kwani wapo wauzaji wanaochomeka majani yasiyo na mizizi na kuyauza kama mmea kamili. Hakikisha chungu kina tundu chini, kisha dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na risiti huwa magumu kuyathibitisha.

Ukiambiwa kuwa mmea "umetoka msituni Amani kabisa", usiununue. Baadhi ya aina za porini huota katika maeneo machache mno na zimo hatarini kutoweka, na kung'oa mimea katika hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa kisheria. Isitoshe, mmea uliong'olewa mwambani mara nyingi haudumu chunguni.

Nyumbani, liweke karibu na dirisha la mashariki, lipate mwanga wa asubuhi bila jua kali la mchana. Feni isilielekee.

Maji ndiyo yanayoua madughulushi mengi kuliko joto. Usimwagilie kila siku kwa mazoea ya bustani ya nje. Subiri udongo wa juu ukauke, weka chungu katika kisahani chenye maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha kwanza. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zikikauka, tumia maji ya mvua. Kinga ndoo moja wakati wa masika, itakutosha kwa muda mrefu.

Udongo uwe mwepesi: mboji ya majani, mchanga mnene na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa pia, mradi yasuuzwe mara kadhaa. Chungu kidogo ni bora kuliko kikubwa. Mbolea na viuatilifu vinunuliwe katika vifungashio halisi vyenye lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda usiipokee hata ukipewa bure, hasa ikiwa nyumbani kuna watoto.

Hakuna haja ya kununua chungu cha pili. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi, kichomeke katika mchanga wenye unyevu, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mizizi huanza baada ya majuma matatu au manne. Vichipukizi vikitokeza, vipe chungu chao. Kwa kawaida huchanua kabla ya mwaka kwisha.