Dawa ya Shamba Isiingie Kitandani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Hapa Mudzipela wazazi wanatuuliza mara nyingi: «Munganga, chandarua chenye dawa kinaua mbu kwa kumgusa tu. Mtoto wangu analala ndani yake kila usiku. Mbona yeye hapati neno?» Swali hilo ni zuri. Jibu lake linaweza kuokoa maisha, kwa hiyo tulifuate mpaka mwisho.

Mbu ana mishipa ya fahamu kama sisi. Ndiyo inayopeleka habari kutoka kichwani mpaka kwenye mabawa na miguu. Habari inapita ndani ya mshipa kama umeme ndani ya waya. Njiani iko milango midogo sana, inayofunguka kidogo na kufunga tena. Dawa za chandarua, kama permetrini na deltametrini, zilitengenezwa kwa kufuata mfano wa sumu ya ua la pareto, linalolimwa Kenya, Tanzania na Rwanda. Dawa hizo huzuia milango isifunge. Habari zinapita bila kukoma: mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa.

Mtoto naye ana milango ya namna hiyo. Lakini ya mdudu hushikwa na dawa kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu. Tena mwili wa mbu ni mdogo, na hauna joto kama wetu. Sumu hii ina nguvu zaidi katika mwili wa baridi. Kile kidogo kinachopita kwenye ngozi ya mtoto, ini lake hukivunja upesi. Basi chandarua ni rafiki. Lala ndani yake bila hofu.

Hatari iko wapi?

Katika nchi nyingi za Afrika mbu wamekuwa sugu. Kwa wengine milango yenyewe imebadilika, dawa haiwezi tena kuishika vizuri. Mtu akiona mbu anatembea juu ya chandarua bila kufa, anafikiri: «Nitakichovya katika dawa ya kabichi, ile ni kali.» Mwingine anaimwaga kitandani kwa ajili ya kunguni, au anampaka mtoto kichwani kwa ajili ya chawa. USIFANYE HIVYO!

Dawa nyingi za shamba, kama diklorvosi na klorpirifosi, zinapiga mahali pengine: pale ambapo mshipa unaupa mshipa mwingine habari, au unaupa msuli. Hapo habari inavushwa na majimaji maalum. Ikisha kuvuka, yuko mfagiaji anayeyaondoa mara moja. Sumu hii inamfunga mfagiaji mikono. Majimaji yanajaa, misuli inaamrishwa bila kupumzika, mpaka ile ya kupumua inashindwa.

Mfagiaji huyo yumo ndani ya mbu, ndani ya nyuki, ndani ya kuku, na ndani yako wewe. Mwaka 1936 Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu wa mashamba, akapata tabuni, sumu ya kivita ya kuua watu. Sumu hiyo na dawa hizo za shamba ni za ukoo mmoja.

Dalili za kuangalia

Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mate, machozi na jasho vinatoka kwa wingi. Mgonjwa anatapika, anaharisha, misuli inachezacheza, anapumua kwa shida.

Fanya hivi upesi

1. Mtoe mgonjwa mahali penye sumu. Linda mikono yako kwanza.
2. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, hata nywele.
3. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mlaze kwa ubavu.
4. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na kopo au chupa ya dawa. Huko iko atropini, dawa ya kupigana na sumu hii, lakini kila dakika ina thamani.

Na kabla hayajatokea

- Usitie dawa ya shamba katika chupa ya bia wala ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi.
- Kopo likiisha, litoboe, lisitekewe maji.
- Nguo za kupulizia dawa zifuliwe peke yake.
- Chandarua kikitoboka, kishone. Kikizeeka, omba kingine kituo cha afya.
- Mtoto akiwa na chawa, mlete kwetu. Iko dawa ya kichwa chake.

Ndugu, kazini hakuna anayepeleka baruti nyumbani kwake aiweke chini ya kitanda cha watoto. Dawa ya shamba nayo ina mahali pake: shambani, na katika sanduku lenye kufuli.