Kompyuta Mpya Haiwaki: Tuchunguze Kabla ya Kutuhumu

Ijumaa moja baada ya swala ya Isha, wajumbe wa kamati ya msikiti wetu tulikusanyika katika ofisi ya madrasa kushuhudia kompyuta mpya ya mezani ikiwashwa kwa mara ya kwanza. Vifaa vyake vilinunuliwa kimoja kimoja kwa michango ya waumini, na kijana aliyehitimu katika madrasa hiyo hiyo alijitolea kuviunganisha bila ujira. Alibonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena; hali ikawa ile ile.

Haukupita muda, minong'ono ikaanza. Mjumbe mmoja alisema amesikia kuwa mafundi hubadilisha vifaa vipya kwa vikuukuu. Mwingine akauliza risiti ziko wapi, ilhali zilikuwa ndani ya faili nililolishika mimi mwenyewe. Wawili wakaaga na kuondoka wakitikisa vichwa. Nami, nikiwa katibu, nilikuwa nimekwisha kuandika katika daftari la muhtasari: "Fundi atakiwa kujieleza." Kijana alisimama kimya, bisibisi mkononi.

Mzee wetu mweka hazina ndiye aliyenizuia. "Katibu," alisema, "wewe ndiye unayetusomesha Suratul Hujuraat kila Ramadhani. Umechunguza nini hata ukaandika?"

Sikuwa na jibu. Aya ya 6 ya sura hiyo inatuamrisha kuihakiki habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajutia tuliyoyatenda. Nikaiweka kalamu chini, tukamwomba kijana aitafute hitilafu huku akitueleza. Nayaandika hapa aliyotufundisha, kwani huenda yakaifaa familia ambayo kijana wao anaunda kompyuta nyumbani.

Alianza na usalama. Kabla ya kugusa chochote ndani, zima na uchomoe waya wa umeme, kisha shika chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini usiharibu vifaa. Pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme, haifunguliwi kamwe na asiye fundi wake, kwa kuwa hubaki na umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa.

Kompyuta isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, tazama kwanza soketi ya ukutani, kisha swichi ndogo iliyo nyuma ya pawasaplai. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230, na kosa hapo huweza kuiunguza. Angalia pia nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia. Huchomekwa kwenye pini mbili tu za ubao mama, lile bamba kubwa linalobeba vifaa vyote, na ni rahisi kuzikosea.

Hali yetu ilikuwa nyingine: feni zinazunguka, picha haiji. Hapo, alisema, mambo matatu hutangulia mengine. La kwanza ni umeme wa prosesa. Mbali na kiunganishi kikubwa cha pini 24, ubao mama huhitaji kingine cha pini 4 au 8 kilicho karibu na prosesa. Wengi hukisahau, kwani feni huzunguka hata kisipokuwapo. Alikigusa, kilikuwa imara.

La pili ni vibao vya kumbukumbu, viitwavyo RAM. Kila kibao sharti kisukumwe mpaka kishikizo kilie. Kukiwa na shaka, vitoe vyote na ubakize kimoja, katika nafasi inayotajwa na kitabu cha ubao mama. RAM za aina ya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujipima siku ya kwanza, basi subira inahitajika. Alivitoa, akavirudisha. Skrini ikabaki nyeusi.

La tatu ni waya wa skrini. Akauma mdomo, akazunguka nyuma ya meza. Prosesa yetu haina uwezo wake wa kutoa picha, ndiyo maana tulinunua kadi ya picha. Waya ulipaswa kuchomekwa kwenye kadi hiyo, lakini ulikuwa umechomekwa juu yake, kwenye ubao mama. Nani aliuchomeka? Ni mimi. Nilipokuwa nikipanga meza kabla ya Isha, niliona tundu linalolingana na plagi, nikasukuma. Kijana aliuhamisha waya, na picha ikaja.

Niliifuta ile sentensi na kumwomba radhi mbele ya wote waliobaki. Nikadhani yamekwisha. Asubuhi tukasikia kuwa habari ya "fundi aliyeibia madrasa" imekwisha kufika kwa mama yake. Mimi na mzee tulikwenda kwake. Alitukaribisha, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Nimesamehe, wanangu," alisema. "Lakini waliosikia barazani, nani atawafuata?"

Ijumaa iliyofuata, kwa idhini ya imamu, nilisimama baada ya swala nikaeleza kosa lilikuwa la nani. Wale wajumbe wawili walikuwapo. Mmoja wao alimfuata kijana nje akampa mkono. Kwamba taarifa ilimfikia kila aliyesikia uvumi, siwezi kusema.

Leo orodha ya wanafunzi na hesabu za michango zinahifadhiwa katika kompyuta hiyo, na kijana hufundisha watoto kuitumia kila Jumamosi. Wazazi, kijana wenu akikwama mbele ya mashine isiyowaka, mpeni taa, nafasi na muda wa kukagua kifaa kimoja baada ya kingine. Nasi wenye kushika kalamu za kamati, tukague kwanza kazi ya mikono yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kuhakiki. Amin.