Goti Lilipona, Mimi Je?

Mwezi huu nataka nikusimulie habari za mwanadada mmoja wa Romania. Lakini kwanza niungame jambo langu.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa nacheza mpira wa mikono, tena nilikuwa naujua! Siku moja niliruka kupiga golini, nikatua vibaya, goti likateguka. Baada ya miezi minne nilikuwa mzima kabisa, nakimbilia daladala kama wenzangu. Uwanjani sikurudi. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Goti bado." Uongo mtupu! Nilichoogopa ni kusikia watu wakisema, "Mh, siku hizi si yule."

Sasa msikie Cristina Neagu, mzaliwa wa Bucharest, 1988.

Akiwa na miaka 22 tu, alitajwa Mchezaji Bora wa Dunia wa mpira wa mikono kwa wanawake wa mwaka 2010. Hebu fikiria, dunia nzima iko mkononi mwako! Halafu mwili ukagoma. Kati ya 2011 na 2013 aliumia bega, kisha goti, akakaa nje muda mrefu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ngoja nimweleze. Unacheza dakika 60, unaruka huku mabeki wanakuvuta na kukusukuma, unapiga ukiwa hewani, unatua kwa mguu mmoja. Bega na goti ndio ofisi yako. Vikiharibika vyote, umebaki na nini?

Cristina alihamia Budućnost ya Montenegro mwaka 2013, akaanza upya. Mwaka 2015 timu hiyo ikachukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, naye akawa tena Mchezaji Bora wa Dunia. Mwaka 2016, tena!

Ungedhani mitihani imeisha. Desemba 2018, kwenye mashindano ya Ulaya kule Ufaransa, kano ya goti ikakatika. Akapewa tuzo ya nne ya ubora wa dunia, ya mwaka huohuo. Tuzo inakuja huku goti limekwisha, jamani! Akauguza, akarudi tena. Alivuka magoli 1,000 katika Ligi ya Mabingwa na hakustaafu hadi 2025, akiwa na miaka 36.

Kinachonigusa si zile tuzo. Ni kwamba kila aliporudi hakuwa na uhakika kama atakuwa yule wa zamani, na bado alivaa viatu akaingia uwanjani.

Wangapi kati yetu tunasema "bado sijapona" kumbe tunaogopa kuonekana? Simaanishi umrudie aliyekuumiza, shoga yangu, hapana! Nasema kuhusu ile kazi uliyoacha kuomba baada ya kukataliwa mara moja, au moyo uliofungia kabatini tangu uchumba ulipovunjika. Kama kidonda bado kibichi, kiuguze taratibu. Kama kimeshakauka, usikifanye kisingizio.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa shule aliniita Jumamosi tukacheze. Nilienda. Pumzi iliniishia dakika ya tano, mipira miwili ilinipita kama sijawahi kushika mpira. Mwenzangu mmoja akacheka, "Dada, siku hizi si yule!"

Nikacheka pia. Ni kweli, si yule. Jumamosi ijayo naenda tena.

Na wewe, goti lako lilipona lini?