Reli Hulipwa na Nani?

Serikali yoyote inapotangaza ujenzi wa reli mpya, mambo mawili hutajwa kwa sauti kubwa: bei yake na siku itakayokamilika. Mara nyingi yote mawili huja yakabadilika, na hayabadiliki kwa manufaa ya mlipa kodi. Wiki hii, wasikilizaji, tutazame kwa nini huwa hivyo, na ni nani hatimaye aubebaye mzigo.

Jambo lenyewe si geni, wala si la Waafrika peke yao. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3 za kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, zilikuwa zimetumika zaidi ya pauni milioni 5. Waingereza hao hao, karne moja baadaye, wakaanza reli ya mwendo kasi iitwayo HS2, kutoka London kuelekea kaskazini. Ripoti ya mwaka 2020 ilionya kwamba gharama ingeweza kupita pauni bilioni 100, na Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akakifuta kipande cha kwenda Manchester. Lakini tajiri akikosea hesabu, hukosea kwa mali yake. Sisi tunakosea kwa fedha za kukopa.

Tuchukue reli ya SGR ya Kenya, iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Iligharimu takriban dola bilioni 3.8, yaani kama shilingi bilioni 327, na asilimia 90 ya fedha hizo ni mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina. Abiria wameifurahia, na hilo hatulikatai. Swali ni jinsi ilivyonunuliwa.

Kosa la kwanza huanzia kwenye vipimo. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyofanya upembuzi yakinifu, kisha ndiyo iliyopewa ujenzi bila zabuni ya ushindani. Fundi cherehani akiachiwa achague kitambaa, akate, ashone, kisha ataje bei, mwenye nguo atajuaje kama amepunjwa? Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2020 kwamba Shirika la Reli lilikiuka sheria. Mahakama ya Upeo ikaona vingine mwaka 2023, kwa kuwa kazi hiyo ilifungamana na mkopo wa serikali kwa serikali. Basi sheria imesema lake. Hata hivyo, bila washindani wa kutaja bei zao, mwananchi hana cha kulinganishia.

Kosa la pili ni mkopo wenyewe. Ulipotiwa saini mwaka 2014, dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160. Maana yake, deni la dola 100 lililokuwa shilingi 8,700 likawa zaidi ya shilingi 16,000, bila ya kuongezwa hata taruma moja relini. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuyageuza madeni hayo kutoka dola hadi yuan ili kupunguza makali ya malipo.

La tatu ni shehena. Bandari ya Mombasa ilifungwa kwa mapatano ya kuipatia reli kiasi maalumu cha mizigo, na kikipungua, pengo lilipwe. Ni kama kukodi basi la harusi: wageni wajae wasijae, mwenye basi atadai chake. Ndiyo maana mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena yaende kwa treni. Wenye malori, madereva, mawakala wa forodha na mama ntilie wa Mombasa wakaandamana, kwa sababu riziki ilihamishwa kwa amri wala si kwa nauli nafuu. Septemba 2022 Rais William Ruto alirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo bandarini.

Isitoshe, reli iliyokusudiwa kufika mpaka wa Uganda iliishia Naivasha Oktoba 2019, baada ya kumeza dola nyingine bilioni 1.5 hivi, na mkopo wa kuendelea mbele haukupatikana wakati huo. Reli inayokatika njiani ni kama daraja lisilofika ng'ambo.

Na haya yote yalifichwa. Hadi Novemba 2022, mikataba ya mkopo ilipowekwa hadharani, mwananchi alikuwa akilipa deni ambalo masharti yake hakuruhusiwa kuyasoma.

Nani, basi, hulipa? Tangu 2013 bidhaa zinazoingizwa Kenya zimetozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5. Kwa hiyo anayenunua mafuta ya kupikia au kiatu cha mtoto huko Turkana, asiyewahi kusikia honi ya treni, naye amekata tiketi.

Mradi mwingine ukija, na utakuja, tuulize kabla utepe haujakatwa: Nani amepima? Nani ameshindana naye? Tunakopa kwa fedha gani? Na mizigo itapungua, nani atalipa? Kiongozi asiyeweza kujibu maswali hayo manne hajawa tayari kujenga reli.