Ixelles: Kompyuta nayo itakiwe kutoa sababu

Wengi wetu tunaijua Ixelles, mojawapo ya manispaa za Brussels nchini Ubelgiji, kwa sababu ya Matonge, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Lakini manispaa hiyo hiyo ina Chuo Kikuu cha VUB, ambacho maabara yake ya akili bandia ilianzishwa na Profesa Luc Steels mwaka 1983.

Kijana anayeingia huko kusomea uzamivu hutumia takriban miaka minne kwenye utafiti, kisha huutetea mbele ya jopo la maprofesa. Miongoni mwa maswali anayoweza kuchagua ni hili: mtambo ukishatoa uamuzi, unaweza kueleza kwa nini?

Swali hilo lina historia. Katika miaka ya 1990, Rich Caruana, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alifundisha kompyuta kukadiria ni mgonjwa yupi wa homa ya mapafu aliye hatarini kufa. Mtambo wake ulikadiria vizuri kuliko mingine. Hata hivyo, programu nyingine iliyosomeka kwa urahisi, iliyotumia takwimu zile zile, ilionyesha jambo la ajabu: eti mwenye pumu yuko salama zaidi.

Sababu ilikuwa wazi kwa madaktari. Wenye pumu walipelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, wakahudumiwa haraka, wakapona. Kama hospitali ingeifuata kompyuta, wangerudishwa nyumbani. Caruana alishauri mtambo wake usitumike, kwani hakuna aliyejua umeficha nini kingine. Mwaka 2015, yeye na wenzake walichapisha njia ya kuunda mitambo inayosomeka bila kupoteza usahihi.

Leo suala hili limefika kwenye sheria. Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kufanya kazi kwa awamu Agosti 2024, inampa mtu haki ya kuelezwa uamuzi mzito uliomgusa. Kenya nayo, katika sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, imeweka mipaka kwa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Anayenyimwa mkopo kupitia simu anaelewa uzito wake.

Lakini mtambo haujielezi kwa kuamriwa. Lazima watu wakae chini watafute namna, na hiyo ndiyo kazi inayowangoja vijana wetu.